Ukisafiri na Mwenzi Wako, Tafuteni Mtu wa Kumsema

Oktoba 2021 Andy Murray alikuwa Indian Wells, California, kwenye mashindano ya tenisi. Joto lilikuwa kali, viatu vyake vimelowa jasho na vinanuka, na chumba cha hoteli hakikuwa na kibaraza cha kuvianika. Akaviacha nje chini ya gari usiku kucha. Asubuhi havipo. Akanunua vingine, akaendelea na mambo yake, mpaka mtaalamu wake wa viungo alipomuuliza pete ya ndoa iko wapi. Murray alikuwa hachezi na pete kidoleni. Alikuwa akiifunga kwenye kamba za viatu. Kwa hiyo pete nayo ilikuwa imekwenda na mwizi. Ikabidi arekodi video ya kuomba msaada, huku akikiri kwamba nyumbani hali si shwari. Baadaye viatu vilipatikana, pete ikiwa bado imefungwa palepale, na harufu haijapungua hata kidogo.

Mimi na mume wangu tumebishana juu ya kisa hiki muda mrefu kuliko mashindano yenyewe. Yeye anamtetea: mtu anayefunga pete kwenye viatu vya kazi ni mtu anayetaka kuwa nayo mpaka kazini. Mimi nasema mtu anayeweza kununua viatu vipya, akavivaa, akafunga kamba, na bado asikumbuke alichokuwa amekifunga kwenye zile za zamani, huyo ana kesi ya kujibu. Tumebishana tukiwa kwenye foleni ya pasipoti, kwenye basi, na usiku tukisubiri usingizi katika kitanda kigeni. Hapo ndipo ulipo ushauri wangu: wawili wanaosafiri pamoja wanahitaji mtu wa kumsema. Asiwe mama mkwe, asiwe jirani, asiwe rafiki wa mmoja wao. Awe mtu maarufu asiyewajua wala hatawasikia, ambaye maneno yenu hayatampunguzia kitu. Na kwa kazi hiyo sijaona wanaowafikia wanamichezo.

Wazee husema ukitaka kumjua mtu safiri naye. Hawakusema ukishamjua ufanye nini. Nyumbani mazungumzo ya ndoa yana vitu vyake: ada, bomba linalovuja, nani anamfuata mtoto. Mkisafiri mnaviacha nyuma, na siku ya kwanza ni raha tupu. Siku ya pili mnajikuta hamna cha kuzungumza isipokuwa safari yenyewe, na safari imejaa maswali yenye miiba. Nani alisema tushukie kituo hiki? Nani alifunga begi zito namna hii? Kila swali lina mshitakiwa, na mshitakiwa ni mmoja kati ya watu wawili waliopo. Akitokea wa tatu, hata kama ni wa kusemwa tu, mnapata pa kupumulia.

Kwa nini mwanamichezo? Mwanasiasa hafai, maana mkimtaja mnaweza kulala mmepeana migongo. Waigizaji nao ni wagumu, kwa sababu hujui wapi maisha yao yanaishia na wapi tangazo linaanzia. Mwanamichezo ana kitu kigumu cha kuanzia: alikimbia kwa sekunde kadhaa, alishinda au alishindwa, na wote mliona. Mengine yote mnayajengea juu ya hapo. Tena anaishi safarini. Anapoteza mizigo, anakosa usingizi, anawakumbuka watoto wake, anaogopa chakula cha ugenini. Usain Bolt mwenyewe ameandika kwamba alipokuwa kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alikula vile vipande vya kuku vya kukaanga takriban 1,000 katika siku 10, kwa sababu hakutaka kujaribu vyakula asivyovizoea. Halafu akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.69. Tangu nimsomee mume wangu habari hiyo, sina tena haki ya kumsema akiagiza kitu kilekile mara tatu mfululizo katika nchi yenye vyakula mia. Ananiangalia tu na kusema, "Bolt, mama. Bolt."

Kwa hiyo jambo la kwanza la vitendo: mteueni mtu wenu kabla hamjaondoka. Someni habari zake kidogo, kila mmoja kivyake, halafu mgawane pande. Mmoja amtetee, mwingine amshitaki. Msifanye utafiti mwingi, kwa sababu mkishajua kila kitu hakuna cha kubishania.

Mtu wetu wa kudumu ni N'Golo Kanté. Septemba 2018, akiwa mchezaji wa Chelsea na bingwa mpya wa dunia na Ufaransa, alikosa treni ya kutoka London kwenda Paris. Mtu mwenye fedha zake angeita gari, au angekaa hotelini akinuna. Kanté alikwenda kuswali kwenye msikiti ulio karibu na kituo cha King's Cross. Akakutana na mashabiki, mmoja akamkaribisha nyumbani, na akaenda kweli. Wakala, wakacheza FIFA, ule mchezo wa soka wa video, wakatazama kipindi cha mechi za siku hiyo kwenye televisheni. Picha zikasambaa, na dunia nzima ikampenda.

Mume wangu kwenye kisa hiki anamwona Kanté. Mimi namwona mwenye nyumba. Namwona mtu aliyepiga simu nyumbani kusema, "Nakuja na mgeni," na aliyepokea simu hiyo akiwa na vyombo vya tangu mchana kwenye sinki. Mume wangu anasema hakuna mtu angejali vyombo mbele ya Kanté. Namwambia hilo linasemwa na mtu asiyevijali hata Kanté asipokuwepo. Tuliendelea hivyo siku moja tuliyokosa treni ya kuunganisha, kwa sababu ile ya kwanza ilichelewa na hakuna aliyekuwa tayari kutueleza kwa nini. Tulikuwa tumesimama chini ya ubao wa ratiba, sanduku katikati yetu, nami nimeshafungua mdomo kuuliza swali lenye mshitakiwa. Akaniwahi: "Kanté angefanyaje hapa?" Nikamjibu kwamba Kanté angepata mwaliko, sisi hakuna anayetujua. Tukacheka, tukaenda kukaa kwenye benchi, na treni iliyofuata ikatukuta tunabishana kama ni adabu mgeni kumfunga mwenyeji wake kwenye FIFA.

Kuna lingine ambalo watu maarufu hulifanya bila kujua: wanatusaidia kusema yale ambayo tungeona aibu kuyasema kwa jina letu. Mimi naogopa ndege. Si hofu ya kupiga kelele. Ni ile ya kukaa kimya na kushika mkono wa kiti mpaka vidole vinauma. Kwa muda mrefu mume wangu alinitibu kwa takwimu, akinieleza kwamba barabarani ni hatari zaidi. Najua. Hofu haijawahi kusoma takwimu. Siku moja akaja na Dennis Bergkamp. Yule Mholanzi, mmoja wa washambuliaji wenye mguso laini kuliko wote waliowahi kucheza Uingereza, aliacha kupanda ndege baada ya Kombe la Dunia la 1994 Marekani, na katika miaka yake yote Arsenal, 1995 hadi 2006, hakupanda tena. Mechi za Ulaya zilizofikika kwa gari au treni alikwenda. Za mbali alizikosa, na kocha akapanga timu bila yeye.

Kilichonigusa ni kwamba klabu haikukaa kumshawishi. Walikubali kwamba huyu ndivyo alivyo, wakapanga ratiba. Nasi tukapanga ya kwetu: palipo na treni nzuri tunapanda treni, hata ikichukua siku nzima. Pasipo na jinsi, tunapanda ndege ya asubuhi, kwa kuwa hewa huwa imetulia kuliko mchana jua likishapasha ardhi, na tunachukua viti vya karibu na mabawa, ambako mtikisiko hupungua. Nikitaka kumwambia hali yangu si nzuri nasema, "Leo mimi Bergkamp." Anaelewa, na hanitajii takwimu.

Sasa niseme kuhusu kutembelea sehemu za michezo, kwa sababu ndoa nyingi zenye shabiki mmoja huvunjikia nguvu hapo. Shabiki anataka uwanja, makumbusho, duka la jezi. Mwingine anataka kuona mji. Ninachoshauri ni kutafuta mahali ambapo mchezo na mji ni kitu kimoja, ili asiwepo wa kumsubiri mwenzake nje ya geti.

Roma ni mfano mzuri. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki pale akiwa pekupeku, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16, kwa sababu viatu alivyopewa vilimbana na mazoezi alishayafanya bila viatu. Njia ya mbio haikuwa ya uwanjani. Ilipita kwenye Via Appia Antica, barabara ya kale ya Warumi, na kumalizikia kwenye Tao la Konstantino gizani, askari wakiwa wamewasha mienge pembeni. Karibu na mwisho alipita penye mnara wa Aksum, uliochukuliwa na Waitalia kutoka Ethiopia mwaka 1937, na hapo ndipo alipochomoka. Mnara wenyewe ulirudishwa kwao mwaka 2005. Mpenda historia anatembea na historia yake, mpenda riadha na riadha yake, na wote wako barabara moja.

Na barabara hiyo si ya mchezo. Mawe ni makubwa, meusi, yamelainika juu na kuachana pembeni, mengine yana mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Mume wangu alitaka kujua Bikila alihisi nini. Akavua viatu, soksi akaziingiza ndani ya viatu vizuri kabisa kama alivyofundishwa na mama yake, akanikabidhi. Hatua chache za kwanza alikwenda kwa heshima. Halafu akaanza kuchagua mawe. Halafu akahamia kwenye nyasi za pembeni. "Usiku mawe yanakuwa yamepoa," akasema, bila mimi kumuuliza chochote. Nikampa viatu vyake.

Sehemu nyingine tuliyoipenda wote ni Olympia, Ugiriki. Unapita kwenye njia fupi yenye tao la mawe, unatokea kwenye kiwanja kirefu cha udongo, na mbele yako ni mstari wa mawe wenye mifereji ya kuwekea vidole vya miguu. Ndio mstari wa kuanzia mbio. Mpaka upande wa pili ni kama mita 192. Hakuna viti. Watazamaji walikaa kwenye kingo za udongo zilizoota nyasi, na leo unakaa hapohapo. Kila anayefika anakimbia, wazee kwa vijana, kwa kofia na miwani na mikoba ikirukaruka.

Ila mwanamke aliyeolewa, zamani hizo, hakuruhusiwa hata kutazama. Aliyekamatwa adhabu yake ilikuwa kutupwa kutoka juu ya mwamba wa mlima wa jirani. Aliyeruhusiwa ni mmoja tu, kuhani wa mungu wa kike Demetra, aliyekaa karibu na madhabahu yake, akiwaelekea waamuzi walioketi ng'ambo. Husimuliwa pia habari za Kallipateira, mjane aliyejigeuza kocha ili amwone mwanawe akishindana. Mtoto aliposhinda, mama akaruka kizuizi kwa furaha, nguo zikamfichua. Walimsamehe kwa sababu baba yake, kaka zake na mwanawe wote walikuwa mabingwa wa Olimpiki. Halafu wakatunga sheria kwamba tangu siku ile makocha nao waingie uchi, kama wanamichezo.

Basi mimi, mke wa mtu, nilikwenda kukaa kwenye ukingo ule wenye madhabahu nikatazama kwa haki ya Kallipateira. Mume wangu akapanga vidole vyake kwenye mfereji, akaangalia mbele kwa ukali, akaondoka. Alikimbia vizuri mpaka kama nusu. Kisha ukaanza mwendo ambao si mbio wala si kutembea, mkono mmoja umeshika kofia. Watalii wasiomjua walimpigia makofi. Aliporudi akauliza, "Umeniona?" Nikamwambia nimemwona, na kwamba kwa hilo zamani ningetupwa mlimani, kwa hiyo aninunulie maji.

Mengine nayapitia haraka. Mkienda kuona Tour de France, mbio za baiskeli za Ufaransa, msisimame kwenye tambarare, kwa sababu kundi zima litapita kabla hujamaliza kusema "hao". Tafuteni mlima, ambako wanapanda mmoja mmoja na uso unaonekana, au siku ya mbio za kupimana na saa, ambapo kila mwendeshaji anaondoka peke yake na burudani inadumu kwa saa nyingi. Barabara hufungwa mapema sana na kusubiri ni kwingi, ila kando ya barabara hakuna kiingilio. Mpeni kila mtu kofia, maji na kitu cha kukalia. Wimbledon, kwenye mashindano ya tenisi ya London, kuna foleni maarufu ya kupata tiketi za siku hiyo. Mnapewa kadi yenye namba, na nafasi yenu inalindwa na kadi, kwa hiyo msiipoteze mkaanza kutafuta wa kumlaumu. Milan, ikiwa mmoja ni shabiki wa timu ya soka ya AC na mwingine ni wa Inter, San Siro inawatosha wote kwa sababu ni uwanja wa timu zote mbili tangu 1947. Na popote pale, kabla ya kupanga ziara ya uwanja angalieni kama kuna mechi siku hiyo. Siku za mechi ziara nyingi hufungwa au kukatwa nusu.

Itatokea pia siku mkamwona mtu maarufu kwa macho. Sisi ilitokea uwanja wa ndege. Mchezaji ambaye jina lake silitaji alikuwa amechuchumaa sakafuni, begi liko wazi mbele yake, anatafuta kitu. Mkewe amembeba mtoto aliyevaa kiatu kimoja. "Nilikuambia uweke mfuko wa nje," mke anasema kwa sauti ya chini, ile ambayo kila aliyeoa anaitambua. "Niliweka mfuko wa nje," anajibu yule bwana, huku akichimba mfuko wa ndani. Mume wangu amemtazama mtu huyu akifunga mabao kwa miaka. Nilimwona anasogea, simu mkononi. Halafu akasimama, simu akairudisha mfukoni. Akampita akimpa ishara ndogo ya kichwa, naye yule bwana akaitikia kwa ishara hiyohiyo, ya watu wawili wanaojua habari za mfuko wa nje.

Hiyo ndiyo adabu ninayoipendekeza. Akiwa na mtoto, akiwa anakula, akiwa kwenye simu, mwacheni. Akiwa amesimama bure mnaweza kumsalimia kama mnavyomsalimia mtu yeyote, na salamu ikitosha msiidai picha. Mtakuwa na cha kuzungumza zaidi msipompiga picha. Hadi leo tunabishana kile kiatu kilikuwa wapi.

Mkirudi nyumbani msiwaache wanamichezo wenu kwenye sanduku. Wana kazi. Eliud Kipchoge, yule aliyekimbia marathoni chini ya saa 2 pale Vienna mwaka 2019, kwa 1:59:40, ameishi miaka mingi akikaa kambini Kaptagat siku za juma, na kwenye kambi ile kila mtu ana zamu za usafi, yeye akiwemo, vyoo vikiwemo. Mume wangu alipolijua hilo alianza kusafisha choo kwa majivuno ambayo sijayaona hata kwenye siku ya harusi yetu. Nikamwachia wiki kadhaa za utukufu, kisha nikauliza: Kipchoge akiwa kambini anasafisha vyoo vya kambi, je, vya nyumbani kwake anasafisha nani? Swali hilo halijajibiwa. Limewekwa kiporo kwa safari ndefu.

Tuna ishara ya kubadilisha mchezaji, ile ya kuzungusha mikono miwili. Tukiwa kwenye shughuli ya watu, mmoja akichoka, anaizungusha kwa siri usawa wa kiuno. Mwingine anakuja kuchukua nafasi kwenye mazungumzo, aliyechoka anakwenda kukaa. Hakuna kuuliza sababu papo hapo. Kocha hamuulizi mchezaji maswali akiwa bado ndani ya mstari. Tuna pia VAR, ule utaratibu wa mwamuzi kurudia tukio kwenye video, lakini kwa masharti. Ilipotumika Kombe la Dunia la 2018 iliruhusiwa kuingilia mambo manne tu: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mwamuzi kumwadhibu mchezaji asiye mwenyewe. Nyumbani kwetu vilevile, kurudi kwenye jumbe za zamani za simu kutafuta nani alisema nini kunaruhusiwa kwa mambo makubwa tu, na kosa liwe la wazi kabisa. Nani alisahau kutoa taka halimo kwenye orodha.

Halafu kuna Roger Federer, bingwa wa tenisi. Juni 2024, akizungumza na wahitimu wa chuo cha Dartmouth, alisema kwamba katika mechi 1,526 za mmoja mmoja alizocheza alishinda karibu asilimia 80, lakini katika pointi zote alizocheza alishinda asilimia 54 tu. Mume wangu aliichukua takwimu hiyo na kudai kwamba kwenye mabishano yetu yeye ana 54. Namwambia amekosea mahesabu: ikiwa yeye ana 54 mimi nina 46, na Federer aliposhindwa pointi hakusimama jikoni kuirudia mara tatu.

Kuna mipaka, na hii tunaifuata bila mzaha. Ugonjwa, kifo na watoto wa watu si vya kusemwa. Talaka za wakubwa nazo tunaziruka. Ukianza kuchambua ndoa ya mtu iliyovunjika unajikuta unatazamwa kwa jicho la pembeni na aliye karibu nawe. Na kubwa kuliko yote, bingwa asigeuzwe fimbo. Mirka, mke wa Federer, naye alikuwa mcheza tenisi. Walikutana kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, jeraha la mguu likamstaafisha mapema, na akasafiri na mumewe miaka yote akisimamia mambo yake. Ni habari nzuri mpaka mtu mmoja aanze sentensi na "Mbona Mirka..." Sentensi hiyo kwetu ilianza mara moja, na haikufika kwenye kitenzi.

Kwa wanandoa wanaotafuta pa kuanzia, ninawapa Emil na Dana Zátopek wa Czechoslovakia. Walizaliwa siku moja, tarehe 19 Septemba 1922. Emil husimuliwa kwamba alikuwa akitumbukiza nguo chafu kwenye beseni la kuogea, anatia maji na sabuni, kisha anakimbia palepale juu yake, mazoezi na dobi kwa pamoja. Kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alishinda mita 10,000, mita 5,000, na marathoni ambayo ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Siku aliyoshinda mita 5,000, Dana aliichukua medali yake akaitia kwenye begi kwa ajili ya bahati, akaenda kurusha mkuki, na mrusho wake wa kwanza ukafika mita 50.47. Dhahabu. Emil akawaambia waandishi kwamba ushindi wake ndio uliompa mkewe hamasa. Dana akamjibu aende akampe hamasa msichana mwingine, tuone kama atarusha mita 50.

Helsinki ndiyo safari yetu ijayo. Mnara wa uwanja ule una urefu wa mita 72.71, sawasawa na mrusho wa mkuki uliompa Mfini Matti Järvinen dhahabu mwaka 1932, na mume wangu anataka kupanda juu yake. Mimi nataka kuona mahali Dana alipotupia. Njia ya kufika ina bahari, kwa hiyo tunapima meli na ndege, na Bergkamp yuko upande wangu. Mume wangu ameshaanza kumtetea Emil, anasema mwanamume wa watu alikuwa anatania na Dana alimjibu kwa ukali mno mbele ya waandishi. Mimi nasema alimhurumia.